Mzee Ana Sukari

Bibi alinichapa kiganja: usichezee chakula.
Leo hapa Rochdale nalipwa kukichezea,
pauni thelathini na tano kwa mtu mmoja aliyeketi,
njiwa ni mbali, pauni mbili kila mmoja.

Agizo liliandikwa nyuma ya risiti ya duka la dawa:
Baba anatimiza themanini. Mkalishe kwenye kiti chake,
sweta la kijani, kofia, njiwa watatu.
Asitabasamu sana, hatatambulika.
Ni Maureen huyo, binti wa Mzee Entwistle wa nyumba ya nne,
yule anayewapigia njiwa wake mluzi kila alfajiri
hadi mwanangu Shamte anaamka na kuujibu
kwa pengo la meno ya mbele.

Saa nne usiku. Nimezima birika,
maana mvuke ni adui, na mvua ya huku
hupenya hata tundu la ufunguo.
Nanyunyiza wanga wa mahindi mezani,
nakanda donge hadi liwe laini kama ncha ya sikio.
Uti wa mgongo ni kijiti cha tambi kavu.
Tumbo kwanza. Mapaja. Kisha mikono,
na mikono ndiyo mtihani:
ukichelewa inapasuka viwiko,
ukiharakisha inalegea kama ya mlevi.
Kopo lililoandikwa Rangi ya Ngozi ni la waridi.
Tangu nilinunue, leo ndiyo mara ya kwanza limemfaa mtu.

Nikafika miguuni, nikasita.

Maana mzee ana sukari.
Kwetu neno ni hilo hilo moja, na usiku ule
lilinikwama kooni: mzee wa sukari ana sukari,
na sukari imeshamla vidole viwili vya mguu wa kushoto,
nilimwona Maureen akimfunga bandeji pale kizingitini.
Mama yangu, Korogwe, anayo pia.
Kila Ijumaa namuuliza, umepima?
Ananijibu habari za kuku.

Nifinyange vidole kumi, niwe mwongo?
Nifinyange vinane, niwe mbaya?
Nikamvisha sapatu. Za kahawia, zenye manyoya,
saa nzima ya kuchokoachokoa kwa kijiti cha meno,
na ndani ya ile ya kushoto, pasipoonwa na mtu,
nikaacha nafasi ya viwili.

Jumamosi, ghorofa ya juu ya klabu ya wafuga njiwa,
keki ilikuwa ya watu. Yeye aliwekewa
biskuti isiyo na utamu kwenye sahani ya karatasi.
Akainama. Akajitazama
kama mtu anavyotazama gari lake lililokwaruzwa.
Pua umeipata, akasema.
Akawageukia njiwa. Mmoja ana doa shingoni,
kosa la brashi yangu, nililiona nimechelewa.
Huyu Peggy, akasema, hakurudi kutoka Ufaransa.
Kumbe alikuwa kwako.

Kisha mbele ya bintiye, mbele ya muuguzi wake,
akaukwanyua mguu wa kushoto, ka!
Miaka saba inanila, akasema. Leo zamu yangu.
Akaitia sapatu kinywani, manyoya na yote.

Baba! Maureen akapaza sauti.
Muuguzi akatazama dari.
Shamte akacheka hadi juisi ikamtoka puani.
Mimi nilisikia meno ya bandia tu
yakisaga sukari kavu, polepole,
kama mtu anayetembea juu ya theluji ya juzi.
Hakumaliza. Kipande akakitema kwenye kitambaa,
akakikunja, akakitia mfukoni.
Upande wa vidole ni mtupu, akaninong'oneza.
Jicho lake moja lilinikonyeza,
au lilikuwa na maji, sikutambua.

Jioni nikampigia mama.
Sikuuliza kama amepima. Niliuliza kuku.
Tetea jeusi limeatamia, akasema, chini ya kitanda changu, fikiria.
Akanyamaza kidogo.
Halafu, bila kuulizwa, akanitajia namba.